Vikombe Vinne vya Wusi

Ijumaa, saa kumi jioni. Voi.

Chumba cha nyuma cha duka la Katuku kilinuka dawa ya kupe. Magunia ya mbolea yalikaribia kugusa dari. Bati lilipika kila kitu kilichokuwa chini yake, wakiwemo majambazi watatu.

Munyoki alitupa simu juu ya gunia. "Ndiyo hii."

Katuku aliinamia picha. Majani marefu ya kijani. Kwenye ncha za majani vilining'inia vikombe vinne vyekundu, kila kimoja na kifuniko chake.

"Hii ni mboga?"

"Mboga inayokula nyama," alisema Wakesho, ambaye alikuwa akifagia kwa mwenye mmea huko Wusi, milimani. "Nzi anaingia kunywa, anateleza, hatoki tena. Ni kama duka lako."

"Na kuna mtu anailipia?"

"Stephen atatoa laki sita," Munyoki alisema. "Ana mteja ng'ambo. Hawa watu wa kukusanya mimea wana wazimu, mzee. Wasipokuwa nayo, hawalali."

Katuku alipiga mluzi. "Laki sita. Na mimi nauza miche ya sukuma, watu wanalia ni bei ghali."

Munyoki hakucheka. Kule Kishushe alikuwa na shimo. Alilichimba kwa nyundo na patasi mpaka akafika kwenye mwamba usiosikia nyundo. Chini ya mwamba huo kulikuwa na vito, mawe ya kijani. Aliapa ameona ung'avu wake. Alihitaji kompresa, mashine ya kupasulia mwamba. Mwezi ukiisha bila kompresa, mwenye ranchi angempa mtu mwingine lile shimo, na huyo mtu angetajirika kwa jasho la Munyoki. Kazi yao ya mwisho waliiba saruji. Ikanyeshewa.

"Jumapili," alisema. "Wakesho."

"Mwenye mmea, Mwalimu Donald, anaimba besi kwa kwaya. Mimi niko soprano. Mhubiri akianza, natuma meseji. Mbwa ananijua, kwa hivyo beba leso yangu."

"Katuku, wewe na pikapu. Na sikieni, Stephen ameniambia mara mbili. Maji ya mvua pekee. Kivuli na baridi. Msiipe kitu kingine."

Katuku alitazama magunia yake. "Huyo Stephen hajui kulima."

Jumapili, saa nne asubuhi. Wusi.

Ukungu. Pikapu kando ya mgomba. Meseji iliingia: *Ameanza Mwanzo.*

Munyoki aliruka ua. Mbwa alinusa leso, akatikisa mkia, akamfuata kama mgeni wa chai. Mlango wa nyumba ya plastiki ya kutunzia mimea ulikuwa na kufuli mpya. Wakesho hakutaja kufuli. Munyoki alitukana kimyakimya, akatoa kisu, akapasua plastiki.

Ndani kulikuwa na baridi na matone. Mimea ilining'inia kila mahali. Vikombe vya kila namna, vingine vidogo kama kidole. Akasaka vile vinne vyekundu. Safu ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna.

Simu ikatetemeka. *Ameruka hadi Ufunuo. Harakisha.*

"Huyu mhubiri alisemekana hamalizi," Munyoki alinong'ona kwa mbwa.

Akauona mmea wake nyuma ya pipa. Akaubeba kifuani kama mtoto. Kwaya ilikuwa imeinuka kuimba alipofika kwenye pikapu. Akaisikia besi ya Mwalimu Donald, nzito, imetulia, haijui kitu.

Jumapili, saa saba mchana. Mwatate.

Kizuizi. Polisi aliinua turubai.

"Mmebeba nini?"

"Maua ya kanisa, afande," alisema Katuku.

Afande alitia kidole ndani ya kikombe. Kikatoka na nzi mfu. Akajipangusa suruali. "Hilo kanisa lenu mimi sitakuja. Endeni."

Walikuwa hawajafika Voi Stephen alipopiga simu. Gari lake limekwama mpakani. Wakutane Jumatano, Mboghoni, karibu na mpaka.

Munyoki alipiga dashibodi ngumi. Kila kazi yake ilikwama hatua moja kabla ya mwisho.

"Si mrudi nao milimani?" Wakesho aliuliza kwa simu. "Voi utaungua."

"Milimani wanautafuta. Utakaa kwa Katuku."

Jumatatu, mchana. Voi.

Katuku aliinakili namba ya Stephen Ijumaa, simu ya Munyoki ilipokuwa juu ya gunia. Alifunga duka, akapiga.

"Mmea uko kwangu. Munyoki wa nini?"

"Mimi sichagui mkono," Stephen alisema. "Una vikombe vingapi?"

"Vinne."

"Viwe vinono. Kila kipya kinapandisha bei."

Katuku alikata simu, akautazama mmea. Ulikuwa umenyong'onyea kwa joto. Haukuwa hata na udongo, ila majani makavu na vipande vya mkaa. Alikuwa ameuza mbolea tangu akiwa na nywele. Wakulima walitoka mpaka Mwatate kumuuliza dawa ya mahindi ya njano. Leo aambiwe asitie kitu?

Akatia mbolea ya DAP, viganja viwili. Akamwagilia maji ya kisima, yale ya Voi yanayoacha chumvi kwenye sufuria. Kisha akaenda buchari.

"Unakula nyama," aliuambia. "Basi kula."

Akagawa matumbo ya mbuzi katika vikombe vinne. Akavifunika vizuri.

Jumatano, saa tatu asubuhi. Voi.

Munyoki na Wakesho waliusikia uvundo kabla hawajafika. Kinyozi wa jirani alikuwa amefunga shati puani.

Katuku aliwafungulia akiwa amevaa kama mtu wa safari. Nyuma yake, mmea ulikuwa mweusi. Vikombe vilikuwa vimepasuka, vikichuruzika kitu kisichotazamika. Nzi walijaa chumbani, wazima, wanakula bure.

Wakesho aliziba mdomo. "Umeupa nini?"

"Chakula," alisema Katuku. "Nimeutunza kuliko mahindi yangu."

"Si nilisema maji ya mvua?" Munyoki alimshika kola. "Kitu kimoja, Katuku. Kitu kimoja tu nilikuomba."

Simu ya Katuku ikalia juu ya gunia. Jina la Stephen lilionekana wazi. Munyoki akapokea, hakusema neno.

"Katuku, niko Mboghoni," alisema Stephen. "Yule Munyoki hajashtuka?"

Munyoki akaiweka simu chini polepole. Akainua jembe lililokuwa linauzwa, bei bado ikining'inia kwenye mpini. Katuku akarudi nyuma mpaka magunia yakamzuia.

"Ningekupa fungu lako," Katuku alisema.

"Ungenipa kompresa?"

Mlango ukagongwa kwa rungu. Mara mbili. Kisha ukasukumwa.

Askari wawili, leso puani. Mmoja alikuwa yule wa Mwatate. Nyuma yao, kinyozi ananyoosha kidole.

"Majirani wanasema kuna mtu ameuawa humu," alisema afande. Akaliona jembe. Akamwona Katuku ukutani. "Weka hiyo chini. Maiti iko wapi?"

Kisha macho yake yakaanguka kwenye chungu cha mmea. Akakitazama kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka kanisa.

Munyoki alishusha jembe. Hakukuwa na pa kukimbilia.

"Ni hiyo, afande," alisema, akikionyesha chungu kwa kidevu. "Huyu Katuku ndiye aliyeua. Mimi ni mfiwa."