Kioo cha Redio ya Bi Ummi

Gari lilikuwa zima, isipokuwa kioo cha redio.

Redio yenyewe ilisema vizuri. Ukitafuta utapata habari, utapata Kurani, utapata taarabu. Lakini kile kioo cha katikati ya dashibodi, kinachotakiwa kuonesha stesheni, saa na baridi ya kiyoyozi, kilikuwa cheusi kama jicho la papa. Na Bi Ummi, mjane wa huko Wesha aliyeliuza gari hilo, alimshika Suhail mkono siku aliyompa ufunguo.

"Kioo usikitengeze, mwanangu," alimwambia. "Redio yasema, yatosha. Kisoona hakina dhara."

Suhail akacheka kwa adabu. Alikuwa mwalimu wa fizikia huko Micheweni, na maneno ya wazee aliyapokea kama mtu apokeavyo kahawa ya msibani: kwa heshima, bila kuuliza kaipika nani.

Angekiacha kweli kama si kiyoyozi. Mkewe, Safaa, alikuwa mjamzito, na mimba zilizotangulia zote ziliharibika. Kila walipokwenda kliniki kutoka kwao Kiuyu, gari lilimpulizia joto usoni, na bila kioo hapakuwa na njia ya kulirekebisha. Fundi wa Chake Chake alisema redio ile ing'olewe, itiwe nyingine. Lakini hiyo ilikuwa ya kiwandani, imeungana na kiyoyozi. Ukiing'oa umeua vyote viwili. Suhail akatazama video za watu waliotengeneza wenyewe, akaona kazi si ngumu. Mara nyingi, walisema, ni risasi ya kulehemu iliyopasuka kwa joto. Unaichoma upya, basi.

Siku ya mapumziko, baada ya kusali adhuhuri, akalisogeza gari kwenye kivuli cha nyumba. Alibandua plastiki ya dashibodi kwa mpini wa kijiko aliouzungushia kitambaa asije akaikwaruza, akafungua skrubu, akachomoa plagi za nyuma, akaipakata redio nzima mapajani na kuifunua.

Hakukuta risasi iliyopasuka. Alikuta nyaya nyembamba za kioo zimekatwa, zote, mkato mmoja safi wa wembe, na juu ya ncha zake pamegandishwa donge jeupe kama utomvu.

"Fundi gani huyu!" alisema peke yake.

Akalichoma lile donge lipate kutoka. Likayeyuka, likatoa moshi mzito uliomwingia kooni, na mara Safaa akaita kutoka jikoni.

"Suhail, nani afukiza ubani mchana huu?"

"Hakuna afukizaye. Ni hii redio."

Safaa alinusa tena. "Mbona wanukia kama wa maiti?"

Suhail aliinamia kazi yake. Aliunga waya mmoja baada ya mwingine, akarudisha kila kitu mahali pake, akazungusha ufunguo. Kioo kikawaka kijani. Stesheni ikaonekana, saa ikaonekana, na kiyoyozi kikapuliza baridi tamu hata Safaa akatoka jikoni na upawa mkononi, akaketi kiti cha mbele, akafumba macho.

"Alhamdulillahi," alisema. "Leo nimepona."

Suhail alikuwa bado anatabasamu pale msomaji wa habari alipokatika katikati ya neno. Redio haikukwaruza. Ilinyamaza tu, kisha ndani ya spika zikasikika pumzi, ndefu, za mtu aliyelala sana na sasa anaamka. Herufi zikapita kwenye kioo ovyo ovyo, zikapungua, zikatulia.

SAFAA.

"Uuu! Umeniandikia jina langu?" mkewe aliuliza, uso umemchanua.

Suhail akasema ndiyo.

Tangu hapo Safaa akawa na mazoea. Ikifika alasiri humkosi garini. Kwanza alisema ni joto la nyumbani. Baadaye hakusema kitu. Alifuta mikono, akatoka, akajifungia vioo vyote. Ukikaribia ulisikia harufu ya ubani, na chini ya ubani harufu nyingine, ya mwani uliooza kwenye gunia. Suhail akachomoa fyuzi. Kesho yake akamkuta humo humo. Akachomoa betri, akaiingiza ndani ya nyumba, akaifungia kabatini, na alipotoka nje, jua likiwa bado juu na kuku wakichakura uani kama siku yoyote, aliona kioo cha redio kinawaka katika gari lisilo na umeme, na mkewe ameegemeza kichwa akicheka taratibu kama achekavyo mwari, mkono mmoja tumboni, huku sauti ya mwanamme, nzito, ya Kipemba cha zamani kisichosemwa tena na mtu, ikimnong'oneza maneno ambayo Suhail hakuyapata isipokuwa moja lililorudiwa na kurudiwa: wangu, wangu, wangu.

Akaufungua mlango kwa nguvu. Sauti ikakatika.

"Unazungumza na nani?"

Safaa alimtazama kama anayemtazama mgeni aliyepotea nyumba. "Amjua ntoto wetu," alisema polepole. "Kashamtia jina."

"Jina gani?"

"Kasema nisikwambie."

Suhail aliazima pikipiki ya mwalimu mwenzake akaenda Wesha bila kupumzika. Bi Ummi alimwona tangu mlangoni, akajua. Hata shikamoo yake hakuitikia sawasawa.

"Umekitengeza," alisema.

"Kuna nini mle, Bi Ummi? Niambie kweli."

Bikizee akamwonesha kwa kidevu. Pembeni ya ukumbi, juu ya mkeka, alikaa mwanamke wa makamo anachambua mchele. Hakuinua uso.

"Yule ni binti yangu, Rahma. Alikuwa akisoma Kurani watu wakisimama njiani kumsikiliza. Akaanza kukaa garini, kama nkeo. Hilo jini la mle likamwita, akaitika. Leo yu hai wa afya, ila hasemi. Sauti yake limeichukua." Akapangusa macho kwa ncha ya mtandio. "Lile laona kwa kile kioo. Likikuona lajua jina lako, likijua jina lako lakwita. Marehemu mume wangu alizikata nyaya, na Mwalimu Silima, mganga wa kusoma dua, akaziba kwa ubani aliousomea. Likawa kipofu."

"Na ukaniuzia."

"Nilitaka liondoke mlangoni pangu. Mungu anisamehe." Kisha akamshika mkono, kama siku ile ya ufunguo. "Silima kafa. Nenda kwa dada yake, Bi Mwanakhamis, huko huko Micheweni unakosomesha. Nenda sasa hivi."

Bi Mwanakhamis alikuja alasiri ya pili, na chetezo na koleo dogo la kukatia waya. Alikuwa mwembamba, mkali wa macho. Alilizunguka gari, akanusa, akatema pembeni.

"Mimi ntasoma," alimwambia Suhail kwa sauti ya chini. "Wewe ndiye uliyefungua, wewe ndiye utakayekata. Litakwita. Lina sauti za watu wako wote, wazima na wafu. Usiitike. Ukiitika, umelipatia nyumba nyingine ya kukaa. Wanielewa?"

"Naelewa, Bi."

Safaa alikuwa kitini, vidole vyote vimeng'ang'ania dashibodi. Bi Mwanakhamis akaanza Ayatul Kursiyyu. Safaa akafungua kinywa, na ile sauti nzito ikatoka kooni mwake.

"N'ende wapi, nami n'na kiti changu hapa?"

"Kiti si chako," alisema Bi Mwanakhamis. "Na ntoto si wako. Toka!"

Suhail aliivuta redio, akapeleka koleo nyuma yake kwa kupapasa. Alikata waya wa kwanza, na spika zikamwita kwa sauti ya wanafunzi wake, wakicheka, Mwalimu, Mwalimu; akakata mwingine, na kaka yake aliyeko Muskati akamwita kwa jina lake la utotoni; akaendelea kukata, jasho likimwingia machoni, moshi ukimziba pumzi, na kila waya ulipokatika sauti ilisogea karibu zaidi mpaka haikuwa tena spikani bali sikioni mwake, mpaka zikabaki nyaya chache, mpaka ukabaki mmoja, na hapo ikaja sauti aliyoomba miaka yote aisikie japo mara moja, sauti ya mama yake aliyefia hospitali akimuulizia mwanawe naye yuko chuoni ng'ambo ya bahari, hakupata meli, hakuwahi hata kumzika.

"Suhail, mwanangu. Upo?"

Midomo ikamtikisika. Hakuinua sauti. Hata yeye hakujua kama alisema au aliwaza.

"Labeka, mama."

Akakata.

Kioo kikafa. Safaa akalegea, akaanza kulia kilio chake mwenyewe, akaomba maji. Bi Mwanakhamis alimaliza dua, akaifunga redio kwenye kaniki, kisha akamgeukia Suhail na kumtazama sana.

"Hukuitika?"

"Sikuitika," alisema Suhail.

Safaa alijifungua salama, mtoto wa kike mwenye pumzi njema, wakamwita Yumna. Alirudi kuwa Safaa wa zamani, mwenye mzaha, mwenye kuimba akikuna nazi. Suhail aliliuza gari kwa vipuri. Alishukuru Mungu kila sala, na kama kooni kulimkereketa alisema ni chaki.

Siku moja alirudi kutoka kazini na mkate wa mofa mkononi. Mlango ulikuwa umerudishwa tu. Aliugonga, akatoa salamu kama kila siku.

Ndani, Safaa aliacha kuimba. Suhail akasikia nyayo zake zikija mbio, si za kumfungulia. Komeo likaanguka.

"Safaa? Ni mimi."

Mtoto akaanza kulia. Kutoka nyuma ya ubao wa mlango, karibu sana, ikaja sauti ya mkewe, nyembamba kama uzi.

"Nani wewe?"

"Mumeo! Nimetoa salamu, hukunisikia?"

"Sikusikia salamu," alisema Safaa. "Nimesikia wangu, wangu, kwa ile sauti ya garini. Suhail, kama ni wewe, sema bismillahi."

Suhail aliegemeza paji la uso mlangoni. Alilifikiria neno, herufi kwa herufi, kama alivyofundishwa madrasani akiwa mdogo. Akafungua kinywa.

Alichokisikia yeye mwenyewe kilikuwa pumzi tu, ndefu, na nyuma yake, mbali sana, mama yake akicheka.