Laini ya Maduka

Kama kuna kitu Nasambu alichukia kuliko mvua ya Kakamega kumkuta na nguo kambani, ni jumbe za matangazo. Alinunua sufuria mara moja tu, duka likamwandikia mwaka mzima. "Mpenzi mteja." Mpenzi gani? Simu ikilia akiwa jikoni, anakimbia na mikono ya unga akidhani ni mama yake kutoka Butali, kumbe ni blanketi zimeshuka bei.

Ndiyo maana akanunua laini ya pili, akaitia kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vibonyezo, na kuifungia ndani ya droo ya meza yake ya cherehani. Duka lolote likiomba namba, alitaja hiyo. Kila Jumapili baada ya kanisa aliitoa, akaichaji, akapita kwenye jumbe zote bila kusoma zaidi ya maneno mawili ya mwanzo, akijibu neno moja tu: STOP. Aliifanya kazi hiyo kwa raha, kama mtu anayechagua mawe kwenye maharagwe.

Sasa sikia jinsi raha hiyo ilivyomtokea puani.

Ilikuwa mwisho wa mwezi, na supamaketi ilijaa mpaka mlangoni. Nasambu alikuwa amevaa gauni la kitenge la kijani alilojishonea mwenyewe, lililomkaa sawasawa. Karibu na mlango, nyuma ya meza ya kuandikisha kadi za pointi, alikaa kijana mrefu mwenye shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kola ikasimama. Kibandiko kifuani kilisema Shikanga.

"Karibu kadi, madam."

"Sitaki. Mtaniandikia mpaka nizeeke."

"Nani amekwambia?" Akainama, akashusha sauti. "Hapa chini kuna kiboksi cha kukubali matangazo. Watu huwekanga alama bila kusoma, halafu wanalia. Wewe kiache hivyo hivyo. Na hata ukikosea, ukituma STOP, ni STOP. Mtu akikataa, amekataa. Mimi hiyo naiheshimu."

Nasambu akamtazama machoni, akaamini. Kwa mara ya kwanza akaandika namba yake ya kweli kwenye fomu ya duka, akaacha kiboksi wazi, akaikunja karatasi na kuitumbukiza kwenye kisanduku mwenyewe.

"Hiyo ni ya duka, siwezi kuigusa," Shikanga alisema. "Yangu naomba kwa mdomo."

"Yako ya nini?"

"Ya kukuuliza kama umefika nyumbani."

"Na nisipofika?"

"Nitakuja kukutafuta."

Nyuma yao mama mmoja mwenye kabichi mbili akakohoa. "Nyinyi mnaandikisha kadi ama mnaoana? Tuna safari."

Watu wakacheka. Nasambu akaona haya, akataja namba mbio mbio, akatoka nje huku tabasamu likimshinda kuficha.

Jioni hiyo simu haikulia. Wala kesho yake. Simu ya kweli ikalala kando ya cherehani, ikahamishiwa dirishani penye netiweki nzuri, ikarudishwa. Alishona kola ya sare ya shule kwenye mkono wa shati, akaifumua, akaishona tena palepale. Gentrix, waliyekodi naye kibanda cha ushonaji, alimtazama akicheka.

"Siku moja utaishona hiyo simu kwenye sketi ya mtoto wa watu."

Ikalia. Aliidaka kabla ya mlio wa pili.

"Haloo?"

"Mbona unashika simu kama unafukuzwa?" Ilikuwa mama.

"Nilidhani ni mtu."

"Na mimi si mtu?"

Jumapili ikafika. Akatoa kabambe, na kwa hasira aliyokuwa nayo akapiga STOP kulia na kushoto. Wiki iliyofuata akapita supamaketi makusudi, na gauni la kijani mwilini. Shikanga aliinua macho, akayashusha kwenye karatasi zake.

"Karibu, madam," alisema, vile alivyomwambia kila mtu.

Nasambu alilia njia nzima hadi nyumbani Amalemba. Alijiambia kwamba wanaume ni wale wale, na hakujiamini hata aliposema.

Yote yalifumuka dukani kwa vitambaa. Alikuwa amenunua bitana, muuzaji akamuuliza, "Namba, dada?" Mdomo wake ukaanza kuimba namba ya droo, haraka, bila yeye kufikiri, kama ulivyozoea mbele ya kila kaunta. Katikati akanyamaza. Ule mdundo aliukumbuka. Ndivyo alivyomtajia Shikanga.

"Ole wangu," alisema, akaiacha bitana pale.

Kibandani alifungua droo huku akimweleza Gentrix mbio mbio. Kabambe ilikuwa imezima, na stima ilikuwa imepotea tangu asubuhi.

"Huyo wa kadi?" Gentrix akauliza. "Si Emily wa pale kwa till ya supamaketi aliniambia ameomba kuhamia tawi la Kitale. Leo ndiyo anamaliza."

Nasambu hakungoja hata kuvua tepu ya kupimia shingoni. Supamaketi ilikuwa na jenereta. Alimkuta Shikanga amekwishaondoa kibandiko kifuani, anafunga begi.

"Nipe chaji," alimwambia akihema.

Shikanga akaitazama kabambe, akampa waya. Wakasimama, meza katikati yao, wakingoja kile kioo kidogo kiwake. Kikawaka. Nasambu akashuka na jumbe, akapita matangazo ya viatu, magodoro na mafuta ya kupikia, hadi kwenye namba ngeni. Akasoma kwa sauti.

"'Mpenzi mteja, wiki hii tuna ofa moja tu: chai na mahamri pamoja na Shikanga. Haitarudiwa. Umefika nyumbani?'"

Chini yake kulikuwa na jibu lake mwenyewe. STOP.

"Nilitaka ucheke," Shikanga alisema.

"Sikuisoma. Niliona mpenzi mteja, nikajua ni maduka. Hii ni simu ya kufukuza maduka, Shikanga. Nilikutajia namba hii kwa mazoea. Kwa nini hukuniuliza?"

"Ulikataa. Fomu yako ilikuwa kwenye kisanduku hapa mezani, na kila siku mkono uliniwasha niangalie kama namba ni ile ile. Lakini nilikwambia mtu akikataa, amekataa."

Nasambu alimtazama, machozi yakimlengalenga. Hakuwahi kupendwa kwa kuachwa.

"Toa simu yako," alisema. Akamtajia namba ya kweli polepole, tarakimu moja moja, mpaka akahakikisha. "Sasa piga."

"Uko mbele yangu."

"Piga."

Simu ikalia mkobani. Nasambu akageuka, akampa mgongo, akaipokea.

"Haloo, nani?"

"Ni Shikanga. Wa kadi."

"Nilikuwa nakungoja," alisema. "Nimechoka kungoja. Unaenda Kitale kweli?"

"Jumatatu. Nimeshakubaliwa."

"Basi Jumapili uko huru. Uje Butali, mama atachinja ingokho. Firigisi tutakuwekea."

Shikanga alijua, kama kila mtu wa huku ajuavyo, firigisi ya kuku huwekewa mgeni wa namna gani: mkwe.

"Na nikikubali?" sauti ikauliza, simuni na mgongoni kwa pamoja.

"Ukikubali, umekubali," Nasambu alisema, akageuka.