Jina Aliloitwa Bryony

Soko la Leeds lilikuwa limefurika watu. Bryony Thwaite alisimama mlangoni akila pai ya nyama, koti lake jekundu amelifunga mpaka kidevuni, mara jua la Januari likachomoza na kumpiga usoni. Akafumba macho.

"Apricity," sauti ya kiume ikasema kando yake.

"Unasemaje?"

"Ndivyo walivyoliita zamani joto la jua wakati wa baridi. Nimekuona unavyolifaidi, nikashindwa kunyamaza."

"Kumbe siku hizi mnatongoza kwa kamusi?"

Yule mwanamume mrefu, skafu ikimning'inia upande mmoja, akawa mwekundu mpaka masikioni. Aliitwa Edmund Sugden, alifundisha Kiingereza cha kale chuo kikuu. Bryony alishona magauni ya harusi. Pai ilipokwisha, walikuwa wameshapeana namba.

Tangu hapo simu haikutulia.

"Tuonane overmorrow, mpenzi."

"Ndiyo lini hiyo?"

"Siku inayofuata kesho. Kiingereza kilikuwa na neno moja la siku hiyo, tukalitupa."

"Basi tuliokote, mchawi wangu wa maneno," akajibu Bryony, akicheka peke yake dukani kwake.

Mwezi Machi Edmund akampeleka kwenye karamu ya walimu wenzake. Bryony alivaa gauni la mahameli ya kijani alilolishona mwenyewe. Edmund akamshika bega kwa fahari. "Huyu ni Bryony, leman wangu."

Mmoja akapaliwa na divai. Wengine wakacheka.

Bryony akaingia msalani, akalitafuta neno hilo kwenye simu. Hawara. Kimada.

Aliwahi kumpenda mwanamume wa Bradford bila kujua kuwa ana mke, mpaka mke huyo alipokuja dukani na kumwita hivyohivyo mbele ya wateja. Akachukua koti, akaondoka bila kuaga.

Edmund alipiga simu wiki nzima. Hatimaye ikapokelewa.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

"Iulize kamusi yako! Kimada, mbele za watu?"

"Lilianza na maana ya mpendwa tu, Bryony. Watu ndio waliokuja kulichafua."

"Na mimi naishi na hao watu, siishi na wafu!" Akakata.

Jumamosi Edmund akaingia dukani amelowa chapachapa. Bryony alikuwa amepiga magoti mbele ya bibi harusi mtarajiwa, akipima pindo, pini mdomoni.

"Nilimtafuta dada yako, akanieleza habari za yule wa Bradford," Edmund akasema. "Nilitaka kujionyesha kwa wenzangu, nikakuumiza wewe. Nisamehe."

Bryony akatoa pini moja moja, akainuka.

"Basi niambie, mimi ni nani kwako? Kwa Kiingereza cha sokoni."

"Nataka uwe mke wangu."

Bibi harusi akapiga ukelele. Bryony akakunja uso.

"Hilo neno 'mke' nalo, zamani lilikuwa na maana gani?"

Edmund akavua skafu yake iliyolowa. Angeweza kudanganya.

"Mwanamke. Mwanamke yeyote tu."

Kicheko kikamtoka Bryony pamoja na machozi.

"Afadhali. Hilo angalau limepanda cheo," akasema, akimfuta maji ya mvua usoni kwa kipande cha hariri. "Nimekubali."