Muunganisho Salama

Saa 2:10 asubuhi.

Chumba cha nyuma cha gereji kilinuka oili na jasho la watu watatu. Nyundo, mkuu wa genge, alitandaza ramani ya ghala juu ya boneti lililong'olewa. Hakupandisha sauti. Hakuwahi kuhitaji.

"Nyaya za shaba, za kujaza roli zima. Walinzi wanne, bunduki nne. Hawafungui geti mpaka waone amri ya makao makuu, imechapishwa na ile programu ya barua pepe ya mapokezi, yenye namba ya ghala. Amri tumeituma alfajiri kwa nywila ya meneja wao. Tatizo nini, fundi?"

"Haiteremki," Fundi alisema. "Programu yao ni kuukuu. Seva imegoma kuzungumza nayo wiki tatu sasa."

"Na wamemwita nani kuitengeneza?"

"Mimi."

Nyundo akacheka. Kaka, ndugu mkubwa wa Fundi, hakucheka. Alikuwa ameegemea mlango, funguo za roli kidoleni, macho chini. Yeye ndiye aliyemsikia karani wa ghala akiomba msaada dukani kwa mdogo wake, na yeye ndiye aliyepeleka habari.

"Saa sita kamili tuko getini. Kaka yako usukani, mimi pembeni. Amri ikiwepo, tunapakia, tunaondoka, na kuanzia leo ndugu yako ni wako. Sitamwita tena." Nyundo akaweka bastola juu ya ramani. "Isipokuwepo, tunaingia na hii."

Bastola moja kwa bunduki nne.

Kisha Nyundo akakusanya simu zote kwenye ndoo, kama ilivyokuwa desturi yake kila siku ya kazi. Asiye na simu hana wa kumtonya.

Mlangoni Kaka alimshika bega. "Nitoe huku, mdogo wangu. Peke yangu nimeshindwa."

Saa 4:05.

Karani wa mapokezi ya ghala alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba, maneno hayamwishi.

"Karibu, mwanangu. Mashine hii ni rika moja na mjukuu wangu, ila yenyewe inadeka zaidi."

Fundi alibonyeza. *Muunganisho salama umeshindikana.*

Akatazama tarehe pembeni mwa kioo cha kompyuta. Januari mosi, mwaka ambao baba yao alikuwa bado hai, na yeye na Kaka walilala kitanda kimoja. Betri ndogo ya ndani ilikuwa imekufa. Kila umeme ukikatika, saa inarudi kule kule. Seva ilikuwa inaonyesha cheti chake cha usalama, na kwa mashine hii cheti hicho kilikuwa bado hakijazaliwa.

Akarekebisha tarehe. Kosa likabadilika. Hilo lilimpa moyo: kosa jipya maana yake umesogea.

"Makao makuu wananidharau," karani aliendelea nyuma yake. "Wiki tatu nimewaandikia jambo zito. Kimya. Hata 'tumepata' hawajui kuandika."

"Pole, mama," Fundi alijibu. Hakuwa amesikia hata neno.

Saa 5:02.

Programu ilijua usimbaji wa zamani tu, ile njia ya kufunga barua kwa siri, na seva iliuona kama kufuli la bati. Akachomeka flashi, akaifundisha usimbaji mpya. Akabadilisha namba ya mlango wa seva wa kupokelea barua, na wa kuzituma. Nywila ikakataliwa. Akafungua laptopu yake, akaingia kwenye ukurasa wa barua wa ghala. Amri ilikuwa pale, inaonekana, haishikiki: walinzi walitaka ile ya programu ya mapokezi tu. Akatafuta mipangilio, akaomba nywila maalumu kwa ajili ya programu ya zamani. Herufi kumi na sita. Akakosea mara mbili.

Saa 5:31.

Akabonyeza *Tuma na Pokea*.

*Inatuma 1 kati ya 1.*

Inatuma? Yeye hakuandika barua yoyote.

Akafungua kabrasha la zilizotumwa. "Kuna roli la bluu linazunguka geti letu kila Jumatatu. Namba zake nimeziweka hapa chini. Dereva ana kovu shavu la kushoto. Tafadhali waiteni polisi."

Kovu hilo alilijua. Alilisababisha mwenyewe kwa kifuniko cha kopo, yeye na Kaka wakicheza utotoni.

*Inapokea 1 kati ya 1.* Printa ikaanza kukoroma, ikaitema amri.

"Imeenda!" Karani alipiga makofi. "Kumbe ilikuwa imelala humu humu siku zote, nami nawalaumu wenzangu!"

Saa 5:40.

Simu ya mezani ililia: makao makuu, wameisoma barua. Karani aliwasomea ile amri, akasikiliza, rangi ikamtoka. Akaufunga mlango kwa ufunguo.

"Amri si yao. Polisi wanakuja. Wamesema roli liachwe liingie, kisha geti lifungwe."

"Mama, naomba nitoke. Naomba simu."

"Hutoki. Huko nje kutakuwa na risasi, nami nitamwambia nini mama yako?" Akamsukumia simu. "Piga."

Aliishika. Angempigia nani? Simu ya Kaka ilikuwa ndani ya ndoo, juu ya simu yake mwenyewe.

Saa 6:00.

Roli la bluu halikuchelewa hata dakika. Fundi alisimama dirishani akatikisa kichwa, akatikisa mikono, lakini jua liling'aa kwenye kioo. Kaka aliona kivuli tu kikipunga. Akatabasamu, akainua dole gumba, akaingia.

Geti likafungwa, polisi wakatokea nyuma ya ghala.

Nyundo aliichomoa bastola. Risasi moja, si yake. Akaangukia dashibodi. Kaka alishuka mikono juu, akalazwa kifudifudi kwenye changarawe.

Karani alimvuta Fundi nje, machozi ya furaha yakimtoka. "Afande, huyu ndiye aliyetuokoa! Bila yeye barua yangu ingekuwa bado imelala mle!"

Kaka akainua uso. Changarawe ilikuwa imeganda kwenye kovu. Alimtazama mdogo wake.

"Unamjua huyu?" polisi alimuuliza Kaka.

"Simjui."

"Mbona mnafanana?"

"Nimesema simjui. Mimi sina ndugu."

Wakamwinua Kaka, wakampakia, na yeye hakugeuka nyuma.

Ndani, mashine ikalia kidogo. Karani akainama kwenye kioo, akasoma kwa sauti, akitabasamu.

"Wamejibu, mwanangu. 'Tumepata.'"