Trekta la Mzee Nathanaeli

Soko la Kibaigwa wakati wa mahindi halina adabu. Malori hurudi nyuma bila kuangalia, madalali hushikana mashati kwa ajili ya gunia moja, na pumba huruka mpaka unazikuta kwenye chai. Katikati ya vurugu hiyo, mwezi wa Septemba, alipita msichana mrefu, mweusi wa kung'aa, kavaa gauni la kitenge cha rangi ya machungwa na raba nyeupe zilizokwisha kuwa nyekundu kwa vumbi. Kifuani alikumbatia kitu kizito kilichofungwa kwa khanga. Akasimama mbele ya miguu miwili iliyochomoza chini ya lori.

"Kaka, samahani. Wewe uliye huko chini."

"Kama ni dalali, mahindi sina," sauti ikajibu. "Kama ni askari, leseni anayo dereva."

"Mimi si dalali wala askari. Nina pampu."

Miguu ikatulia. Akatoka kijana mwenye ndevu chache na ovaroli iliyolowa oili. Huyo ndiye Hanifu, fundi wa injini za dizeli, mtoto wa Makole, Dodoma mjini, ambaye mababu zake walikuja na misafara ya biashara wakaona hakuna haja ya kuondoka. Msichana akafungua khanga. Ndani mlikuwa na pampu ya dizeli ya trekta dogo, imeoga kutu.

"Umetoka nayo wapi?"

"Mkonze. Nimeipakata kwenye basi. Konda akaniuliza mtoto ana miezi mingapi."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ana miaka thelathini, na huu wa tisa hajalia."

Hanifu akacheka hadi akagonga kichwa kwenye bampa la lori. Aliponyanyua macho akakuta msichana naye anacheka, kaziba mdomo kwa ncha ya khanga. Basi, yakaisha. Wako watu hupendana kwa barua za mwaka mzima, hawa iliwatosha pampu.

Aliitwa Loisi. Alikuwa amekuja kununua mahindi, kwa sababu shamba lao halikulimwa mwaka ule, na alikuwa amesikia kwamba Kibaigwa hakukosi fundi wa malori. Akaeleza mengine huku ametazama chini. Baba yake, Mzee Nathanaeli, alikuwa na ugonjwa wa moyo uliopanuka, na daktari alikwisha mwambia Loisi ajiandae. Mzee hakuomba dawa nyingine. Alitaka jambo moja tu, alisikie trekta lake likiunguruma kabla hajafa.

"Jumamosi nitakuja," Hanifu akasema, na kweli akaja.

Trekta lilikuwa nyuma ya nyumba, la Kijapani, bluu iliyopauka. Kuku walikuwa wametaga kwenye kiti na panya wamemaliza nyaya. Mlangoni alikaa mzee ndani ya koti zito katika jua la saa nne.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi? Mbona mikono misafi?"

"Nimeosha nije kukuamkia, mzee."

"Kaichafue."

Ikawa kila Jumamosi. Hanifu alifungua silinda hedi, mfuniko wa juu wa injini, akatoa pistoni zote tatu, na Loisi akazisugua kwa brashi ndani ya beseni la dizeli mpaka zikameta. Wakaweka ringi mpya na gasketi mpya. Hanifu aliomba spana namba kumi na nne, akapewa kumi na saba, wakagombana na kucheka, na mzee akawafokea kutoka mlangoni kwamba injini haifungwi kwa meno. Siku ya kupaka rangi Hanifu alimchora Loisi mstari wa bluu shavuni. Loisi hakuufuta. Alikwenda nao sokoni na kurudi.

Siku za kazi ilikuwa simu, mchana, kila mmoja na sahani yake.

"Umekula, laazizi?"

"Nimekula wali, lakini sijashiba."

"Wali haujakushibisha?"

"Sijashiba wewe."

"Nyoo! Maneno ya Makole hayo. Fundi wangu, plunja imefika?"

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Plunja ya pampu ilikuwa imekwisha, na bila hiyo dizeli haisukumwi, hata upake trekta rangi ya dhahabu. Hanifu alikuwa ameagiza nyingine Dar es Salaam. Ikaja kwa basi siku ya Jumatatu, kidude cha kuenea kiganjani, kimefungwa kwenye karatasi ya oili. Kazi iliyosalia ilikuwa ya asubuhi moja.

Hanifu alikaa kitandani akakitazama. Mzee Nathanaeli alikuwa mzee wa kanisa. Yeye alikuwa Mwislamu wa mjini, na kibali chake cha kuingia ua ule kilikuwa trekta bovu. Likiwaka, atapewa mkono wa asante na chai, kisha Jumamosi ijayo ataingia kwa jina gani? Alihitaji muda kidogo tu apange maneno ya kumwomba mzee binti yake. Juma moja. Akafungua droo, akakisukumia chini ya mashati. Simu ikalia.

"Imefika?"

"Bado, mpenzi. Watu wa Dar unawajua."

Nami nasema, shetani haji na pembe. Huja na sababu nzuri.

Jumamosi ile Hanifu alikwenda Mkonze mikono mitupu, akapaka rangi mahali palipokwisha pakwa. Miguu ya mzee ilikuwa imevimba, viatu havikuingia tena. Hanifu aliiona. Aliiona vizuri sana.

"Kijana," mzee akasema, akihema katikati ya maneno, "ngojangoja huumiza matumbo."

"Wiki hii, mzee. Inshallah."

Alidhani Mungu hasikii akitajwa ndani ya uongo. Jumatano dada yake, Stara, akipanga nguo, akatoka chumbani na ile karatasi mkononi.

"Hanifu, hii si ile unayomwambia yule binti haijafika?"

Hanifu akaipokea, akaifunga upya.

"Mwenzio anangoja roho itoke, wewe unangoja nini?"

"Kesho nina lori la watu Kibaigwa, nimeshaahidi. Ijumaa, dada, wallahi. Nikitoka msikitini naenda moja kwa moja."

Ijumaa akavaa kanzu, plunja mfukoni, maneno ya posa kichwani yamepangika. Alikuwa anavaa viatu mlangoni mwa msikiti simu ilipolia. Alipokea akitabasamu.

"Loisi, nakuja, nina habari njema..."

"Baba ametutoka," Loisi akasema. "Sasa hivi. Nilikuwa namnywesha uji."

Msibani ndiko alikoadhibiwa, na waliomwadhibu hawakujua. Wajomba wa Loisi walimpisha kwenye benchi la mbele. "Huyu ndiye kijana aliyejitahidi," wakaambiana. "Kifaa tu kilichelewa Dar." Walimpa mikono, wakamjazia ugali na mlenda.

Siku ya tatu, watu walipopungua, alimkuta Loisi nyuma ya nyumba, kajifunga kitenge cheusi, kaegemea gurudumu la trekta. Hanifu akatoa ile karatasi, akaifungua juu ya boneti.

"Imefika?" Loisi akauliza, na macho yakamjaa machozi. "Masikini baba. Siku tatu tu."

Angeweza kunyamaza. Mlango ulikuwa wazi, naye Loisi ndiye aliyeufungua.

"Haikufika leo," akasema. "Ilifika Jumatatu ya juma lililotangulia msiba. Niliificha."

"Uliificha?"

"Niliogopa likiwaka sitakuwa na sababu ya kuja. Nilitaka nipate muda wa kukuposa. Nilikupenda nikawa mjinga, Loisi."

Loisi alihesabu kwa vidole kama mtoto. "Siku kumi na moja kabla hajafa." Akahesabu tena. "Unajua kila asubuhi aliniuliza nini? Alikuwa haulizi dawa, haulizi chakula. 'Imefika?' Nami namwambia kesho, baba. Kesho, baba. Hanifu, baba yangu amekufa nikimdanganya. Ulinipa uongo, nikampelekea mimi kwa mkono wangu."

"Nisamehe."

"Toka." Hakupaza sauti. "Toka kabla sijawaita wajomba."

Alitoka. Akapiga simu, haikupokelewa. Akatuma ujumbe, ukasomwa, ukakaa. Majuto ni mjukuu, na huyu mjukuu alihamia kabisa Makole. Hanifu alikonda, akawa anafunga nati za watu na kusahau kuzikaza, mpaka Stara akamnyang'anya spana.

Mvua ya kwanza ilinyesha Desemba. Kesho yake Loisi akapiga.

"Una nafasi leo? Nataka trekta liwake. Ardhi imelainika."

Masikini Hanifu, alioga mara mbili! Akavaa shati jeupe la Idi, akajinyunyizia manukato, akapita mjini akiimba. Loisi alimpokea kwa salamu fupi. Alikuwa amevaa koti la marehemu, mikono ameikunja, na kichwani kilemba cha kitenge. Hanifu akafunga plunja na pampu. Akamwonyesha namna ya kutoa upepo uliobaki kwenye njia ya dizeli: unafungua mrija wa dizeli, unalegeza skrubu ya filta mpaka mapovu yaishe, unahamia kwenye pampu, kisha nati za nozeli moja moja huku selfu ya kuwashia inazungushwa. Trekta likakohoa, likatema moshi mweusi, likaunguruma. Kuku wakatawanyika. Majirani wakaja kwenye ua wakishangilia. Loisi alifumba macho akasikiliza, mkono wake juu ya boneti inayotetemeka, machozi yakimshuka bila kuyafuta.

Kisha akalizima.

"Legeza tena. Uingize upepo. Sasa nitatoa mimi."

Akatoa. Likawaka. Akalizima, akataka tena. Mara ya tatu Hanifu alisimama kando, mikono nyuma, na hapo ndipo alipoelewa ni somo gani alilokuwa akilitoa, la kutomhitaji fundi. Wala hakuitiwa posa.

"Na filta?" Loisi akauliza. Akamwonyesha. "Na oili?" Akamwonyesha. Mkanda wa feni, hewa ya matairi, grisi ya ekseli, yote.

"Kuna kingine?"

Kilikuwepo. Injini ikishafunguliwa na kuwekwa gasketi mpya, nati za silinda hedi hukazwa tena baada ya saa kumi za kazi. Asiyejua hulima siku mbili tatu, gasketi ikaungua, na hapo lazima amwite fundi. Hanifu alikuwa na neno hilo ulimini. Majirani walikuwa wamekwisha kuondoka, na Loisi alikuwa mzuri ndani ya lile koti kubwa, na kunyamaza hakuhitaji hata kudanganya.

"Kipo," akasema. Akamweleza. Akampa spana, akamwonyesha mpangilio, kuanzia nati za katikati kwenda za pembeni, akamfanya arudie hadi akaridhika. "Usisahau hilo. Ukilifanya, litalima miaka."

Loisi aliipangusa spana kwa pindo la koti.

"Hilo ungeweza kuninyima."

"Ningeweza."

"Ningekuita."

"Najua."

"Nakupenda, Hanifu. Sikukuita nikutese. Nilijaribu kukusamehe, nikadhani nimeweza. Lakini leo umeingia tu hapo mlangoni nikamsikia baba akiuliza. Siwezi kuishi nikisikia hivyo kila unaporudi nyumbani."

"Basi ungoje. Mwaka, miwili."

"Usinigoje."

Alimpa mkono, mkono wenye oili, wakashikana mpaka mmoja akalazimika kuachia, na aliyeachia ni Loisi. Akapanda kitini, akaingiza gia kama alivyofundishwa, akaelekea shambani. Hanifu alikusanya spana zake moja moja. Alipofika barabarani akasikia injini ikibadili sauti, jembe limeshika udongo. Aliketi juu ya sanduku la vifaa, mbele ya watu waliokuwa wakingoja gari, akalia waziwazi katika shati lake la Idi. Mama mmoja akamuuliza kama amefiwa, naye akaitikia kwa kichwa.