Kilichofunga Maduka ya Namuwongo

Akidi alishona sare za shule katika duka dogo mtaani Namuwongo, karibu na reli. Zamani mstari ule wa maduka ulijaa watu. Sasa milango mingi ilikuwa imefungwa. Waliohama hawakuaga. Akidi alipozima cherehani jioni, alisikia sauti upande wa maduka matupu. Ilikuwa kama mtu anakunywa maji gizani.

"Ni panya," alisema mumewe, Kidega, ambaye alikuwa polisi. Lakini yeye mwenyewe hakupenda kupita pale.

Wafanyabiashara waliobaki wakakutana.

"Kodi ya biashara imewafukuza wenzetu," alisema mwenyekiti wao, mzee Komakech. "Tuiombe serikali iipunguze. Ikipungua, watarudi."

Adero, Mkenya aliyeuza vitambaa, akauliza, "Mzee, kodi inaweza kuwa nzito kweli. Lakini tumeshaamini kwamba wenzetu walihama kwa sababu ya kodi. Nani amewauliza?"



"Tutapimaje?" Akidi akauliza.

"Tuangalie mahali pasipolipa kodi hiyo. Kama napo pamefungwa, basi kuna sababu nyingine," Adero akajibu.

Akidi akageuka kutazama mwisho wa mstari. Chumba cha mwisho kilikuwa cha kikundi cha maombi. Hakikulipa kodi ya biashara. Nacho kilikuwa kimefungwa.

Kesho yake Akidi na Adero wakamtafuta Abalo, msusi aliyefunga duka lake pale na kuhamia mtaa wa Bugolobi.

"Kodi ninayolipa hapa ni ileile," Abalo alisema kwa sauti ya chini. "Nilihama kwa sababu sakafu ilikuwa inapumua."

"Mbona hukusema, dada?" Akidi akauliza.

"Mngesema nimerogwa."

Mchana huohuo mwenye nyumba akawafungulia wao na Kidega chumba cha maombi. Mikeka ilikuwa bado imetandikwa. Viatu vya mtu vilikuwa mlangoni. Kidega akagonga sakafu kwa rungu lake. Chini palilia kama ngoma. Kisha sakafu ikapanda kidogo, ikashuka.

"Tokeni nje," Kidega alisema. "Polepole."

Nyuma ya maduka waliona kilichokuwa kikinywa gizani: maji ya mtaro uliopasuka yalikuwa yamekula udongo chini ya maduka yote. Watu wakahamisha mali zao siku hiyo. Mvua kubwa iliponyesha, sakafu zikadidimia. Hakuna aliyekuwa ndani.

Mtaro ulijengwa upya, na maduka pia. Abalo alirudi, na wengine wakamfuata. Kodi haikuwa imebadilika. Baadaye waliomba ipunguzwe, lakini safari hii kila mmoja alieleza jinsi inavyomgusa yeye.