Yai Lililogeuzwa Nusu

Jirani yetu wa Pongwe, Thuwaiba, alikuwa akipepeta mchele uani siku mumewe Luqmani alipoleta kifaa cha kutoa hewa ya ozoni. Vifaranga wao walikuwa wakifia ndani ya mayai, na Luqmani aliambiwa mjini kwamba hewa ile huua vijidudu vyote kwenye ganda.

“Ila haivutwi, inachoma kifua,” alisema. “Tunafunga mlango, tunaiacha ifanye kazi.”

Thuwaiba akaacha kupepeta. Kabati lao la kutotoleshea halina mota, mayai hugeuzwa kwa mkono, na kila yai lina alama za mkaa: mkato upande huu, duara upande wa pili. Hiyo ilikuwa kazi ya binti yao Mboni, mpaka pumu ilipomchukua. Na tangu azikwe, kila mchana Thuwaiba alikuwa akikuta mayai yameshageuzwa. Hakumwambia mumewe. Alichelea asije akaleta mtu wa kusoma dua, mtoto akaenda zake.

Basi hata siku hiyo alimfuata tu mumewe hadi chumba cha kabati. Luqmani akayapanga mayai mwenyewe, mkato juu, akaliacha kabati wazi, akawasha kifaa, akafunga chumba.

Harufu kali ikapenya chini ya mlango, kama radi imepiga karibu.

Kisha kikohozi. Kidogo. Kikavu.

“Baba Mboni,” alinong'ona, “umesikia?”

“Feni ya kifaa hiyo.”

Kikaja tena, na miluzi ya kifua ndani yake. Thuwaiba aliijua miluzi ile. Alikesha nayo miaka.

“Fungua, mume wangu. Kuna mtu.”

“Mtu gani? Utadhurika bure, mama Mboni.”

Mkono wa Thuwaiba ulikuwa kwenye komeo. Angeweza kulivuta. Akamwonea haya mumewe, akaliachia.

Kikohozi kikafupika. Kikakatika.

Walipofungua na hewa ikaisha, trei za juu zote zilionyesha duara. Za chini, mkato vilevile. Katikati palikuwa na yai moja lililoishia njiani, alama zote mbili ubavuni. Luqmani alilitazama, akamtazama mkewe, akakaa sakafuni akalia.

Vifaranga walitotolewa wengi, wazima. Thuwaiba hugeuza mwenyewe sasa; hakuna anayemtangulia, na hajisamehe.

Lile yai la katikati halikutotoa wala halikuoza. Amelifunga kwenye mtandio wa Mboni, juu ya kabati la nguo. Nililishika juzi. Lina joto, upande mmoja tu, penye alama ya mkato, kama vidole vya mtoto bado vimelishika.